Shangazi, nimechoka kuwa "yule wa maswali" mezani

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Kwa miaka miwili nilikuwa nameza vidonge vya kuongeza damu na damu haipandi. Ngazi tu zilikuwa zinanishinda, tumbo linajaa gesi kila jioni, na kila niliyemweleza alinijibu kwamba ni mawazo. Miezi minane iliyopita daktari mmoja akaagiza kipimo cha damu, kisha nikaingizwa mpira wenye kamera, wakanyofoa vinyama vidogo vya utumbo wakavipima. Jibu likawa siliaki, ugonjwa wa utumbo usiovumilia gluteni, ile protini ya ngano na jamii zake. Nikaambiwa niache gluteni maisha yangu yote, yaani ngano, shayiri, rai (nafaka inayofanana na ngano) na kila kinachotokana nazo.

Nyumbani nimemudu. Nina sufuria zangu, ubao wangu wa kukatia, chujio langu nililolifunga utepe mwekundu, na watoto wanajua kwamba chupa ya asali ya mama haiingizwi kisu chenye chenga za mkate. Damu imepanda, nimeanza hata kunawiri. Taabu yangu iko nje ya nyumba.

Mwezi uliopita rafiki yangu alitualika kula. Nikaagiza samaki wa kukaangwa kwa siagi na viazi vya kuchemsha, nikidhani hapo sikosei. Nikamuuliza mhudumu, "Hamjaweka ngano?" Akasema hapana, bila kufikiri. Samaki alipokuja nikaanza kula, kisha nikaona ana ukoko mwembamba wa rangi ya dhahabu unaobanduka kwa uma. Nikamwita tena. Akainama, akamwangalia samaki, akaniambia kwa upole kabisa: "Hatujaweka ngano, dada. Ni unga mweupe tu, ili asigande kwenye kikaango." Nilikuwa nimeshameza vipande vitatu. Meza nzima ikacheka, nami nikacheka nao, ningefanyaje? Siku mbili zilizofuata nilizimaliza kati ya kitanda na choo.

Baada ya hapo kukawa na chakula cha jioni cha kazini na wateja. Nikaogopa kuuliza mbele ya watu, nikaagiza maji, nikasema nimeshiba. Mteja mmoja akataka kujua kama nimefunga. Kesho yake bosi akaniambia nilikaa kama mtu aliyelazimishwa kuwa pale.

Mume wangu si mtu mbaya, lakini neno lake ni moja: "Kidogo hakiui." Wifi yangu naye ana rafiki ambaye hali ngano, ila siku ya sherehe anakula keki kama wengine, "kwa hiyo ni mtu kuamua tu."

Sasa mwezi ujao baba mkwe anatimiza miaka 70. Mgahawa umeshalipiwa, watu 30, chakula cha kujipakulia. Mzee ananipenda. Alikuwa mwalimu wa historia, na nikikaa naye haishiwi habari. Sitaki kumvunja moyo, lakini nimejikuta napanga kuugua siku hiyo. Tena nimeona intaneti wanauza vidonge vya kumeza kabla ya kula, eti vinasaga gluteni tumboni. Nimeviagiza, sijavitumia.

Naomba uniambie. Ni kweli kidogo hakina neno? Naweza kuhoji jikoni kwa watu bila kuonekana nina maringo? Na hiyo sherehe, niende au nisiende?

Mgeni wa Maji Matupu

* * *

Marahaba, mwanangu.

Hilo la "unga mweupe tu" lilinichekesha, kisha likaninyamazisha, kwa sababu hata mimi nimewahi kumfanyia mtu vilevile. Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilipika mgahawani miaka tisa. Jioni moja mhudumu alichungulia dirishani akauliza, "Supu ya uyoga ina ngano?" Nikajibu "Haina" huku nageuza nyama. Sikukusudia kudanganya. Kichwani mwangu supu ile ilikuwa uyoga, vitunguu, maziwa na chumvi. Vijiko viwili vya unga nilivyokaanga na siagi asubuhi ili supu iwe nzito havikuwemo kwenye hesabu kabisa. Nilivikumbuka usiku nikifuta meza, na mteja ameshaondoka zamani. Sijui alilalaje.

Nakusimulia haya ili ujue unaongea na mtu wa namna gani unapotuma swali jikoni. Mpishi akisikia "ngano" anaona mkate, keki na tambi. Unga ule wa kwenye kopo karibu na jiko hauoni kama chakula. Kwake ni kifaa, kama kile kitambaa cha kushikia sufuria. Anaupaka kwenye samaki asigande, anauzungushia kwenye nyama ipate rangi, anaukoroga kwenye mchuzi uliokuwa mwepesi, anaunyunyiza mezani. Ukimuuliza "mmeweka ngano?" atakupa jibu la kweli kadiri anavyojua, na utaumwa.

Kwa hiyo acha kuuliza kilichomo. Uliza walivyopika. "Samaki huyu amepakwa nini kabla ya kuingia kwenye mafuta?" "Mchuzi huu unafanywa mzito kwa kitu gani?" "Nyama imelowekwa kwenye nini?" Hilo la kulowekwa usilisahau hata siku moja, maana sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya pamoja na ngano, na ndiyo inayomwagwa kwenye nyama kabla haijaguswa na moto. Soseji na vinofu vya nyama ya kusaga mara nyingi vimeshikanishwa kwa chenga za mkate. Vile vijiti vyeupe na vyekundu vinavyouzwa kama nyama ya kaa ni samaki aliyesagwa, na aghalabu vina wanga wa ngano. Kuna migahawa inaongeza uji wa unga kwenye mayai ya kukaanga ili yavimbe. Na hili hata mimi nililifanya miaka nenda rudi bila kuwaza: brokoli za mteja zikishapoa, unazichovya dakika moja kwenye maji yanayochemka ambayo tangu asubuhi yanapikiwa tambi. Kwenye menyu zimeandikwa "mboga za mvuke."

Sasa twende kwa mumeo na "kidogo" chake.

Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takriban gramu 2 za gluteni, pengine zaidi. Hizo ni miligramu 2,000. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti ambapo watu wenye siliaki, ambao walikuwa wameshapona kwa kuacha ngano, walipewa miligramu 50 tu kwa siku kwa miezi 3. Utumbo wao ulipopimwa tena, ulikutwa umeharibika. Chukua kipande hicho cha mkate ukigawe mara 40, sehemu moja ndiyo miligramu 50. Hizo ni chenga zinazobaki kwenye kisu cha siagi. Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha kuandika "bila gluteni" kwenye pakiti ni kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula. Hawakukiweka chini hivyo kwa kupenda kusumbua watu.

Ila namba hazitamgusa mumeo kama jambo aliloliona kwa macho yake. Mkumbushe vile vidonge vya damu. Ndani ya utumbo mdogo kuna vinyweleo vidogo mno, na ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikipita, kinga ya mwili inaugeukia utumbo wenyewe na vinyweleo hivyo vinasagika mpaka ukuta unakuwa bapa. Miaka miwili ulikuwa unameza madini ya chuma na hayana pa kushika, yanapita tu. Huko ndiko "kidogo" kinakorudisha watu, pole pole, hata pasipo tumbo kuuma. Wapo wenye siliaki wanaokula ngano kwa bahati mbaya na hawasikii chochote, na ndani kunaharibika vilevile. Kwa mtu mzima, utumbo kupona kabisa kunaweza kuchukua miaka 2 au zaidi. Wewe una miezi minane. Kidonda chako bado kibichi.

Halafu aondoe na ile fikra kwamba moto unasafisha kila kitu. Gluteni ni protini, si kidudu. Haifi kwa kuchemshwa wala haichujwi na mafuta. Chipsi ni viazi, sawa, lakini zikikaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaangia kuku wa chenga za mkate zinakuwa chipsi zenye ngano. Mwaka 2021 huko Marekani walipima chipsi za aina hiyo, sahani 20 kutoka migahawa 10. Sahani 9 zilikutwa na gluteni, na 5 kati yake zilivuka kile kiwango cha miligramu 20.

Kuhusu rafiki wa wifi yako, simlaumu, wala simjui ana nini. Wapo wanaojisikia vibaya wakila ngano ingawa hawana siliaki, na wapo walioamua tu kuiacha, hao wanaweza kujipimia wenyewe. Yupo pia mwenye mzio wa ngano, ambaye akila anaweza kuvimba na kubanwa pumzi ndani ya dakika chache, na huyo nakuhakikishia hagusi keki ya mtu. Ni hali tofauti, zinazokutana kwenye neno moja, "sili ngano." Ninachokiona mimi kwa jicho la mpishi ni kwamba mhudumu aliyehangaika kuosha kikaango upya kwa ajili ya mtu, kisha akamwona mtu huyohuyo anaonja keki ya jirani yake, kesho ukija wewe atakuweka kapu moja naye. Kwa hiyo usiseme "sili ngano." Sema "nina ugonjwa wa siliaki, nikila hata chenga naumwa." Neno ugonjwa linafika jikoni. Maneno ya kupenda na kutopenda yanaishia kwa mhudumu.

Unauliza kama unaweza kuhoji bila kuonekana una maringo. Wanaokuona na maringo ni wale uliokaa nao mezani, siyo jikoni, na kinachowaudhi ni kusubiri huku wanasikiliza. Basi wasisikie. Piga simu mgahawani siku moja au mbili kabla, saa tisa au saa kumi alasiri, wateja wa mchana wameondoka na wa jioni hawajaingia. Saa mbili usiku hata mimi nisingekujibu vizuri, ningekuwa na sahani kumi na mbili zinanisubiri. Omba kuongea na mpishi wa zamu. Mwambie ugonjwa wako, kisha usimuulize "mnaweza?", maana kila mtu atasema tunaweza. Mwambie: "Nifikirie nyama au samaki, viazi na mboga. Ungenipikiaje?" Halafu kaa kimya umsikilize.

Akianza mwenyewe kutaja kikaango safi, maji mapya, koleo lingine, umepata mahali pa kula. Akisema "hakuna shida, dada, wewe njoo tu," shukuru ukate simu. Mimi namwamini zaidi anayesema "hilo sijui, ngoja nikaangalie kwenye chupa" kuliko mwenye jibu la haraka. Na akikuambia waziwazi kwamba jikoni kwao hawawezi, mshukuru kuliko wote.

Kwenye mkoba weka kadi, iandike wewe mwenyewe kwa maneno mafupi, umpe mhudumu aipeleke jikoni. Maneno ya mdomo hubadilika njiani kati ya meza na jiko, najua, nimeyapokea mengi yaliyogeuka. Yangu ningeiandika hivi:

"Nina ugonjwa wa siliaki. Siwezi kula ngano, shayiri wala rai, hata kidogo. Hii ni pamoja na unga mweupe, mkate na chenga zake, tambi, sosi ya soya, na mchuzi uliofanywa mzito kwa unga. Naomba kikaango, kisu na ubao vilivyooshwa. Naomba chakula changu kisikaangwe kwenye mafuta yaliyokaangia vitu vyenye unga, wala kisichemshwe kwenye maji ya tambi. Kama haiwezekani niambieni, sitakasirika. Asanteni."

"Unga mweupe" nimeuweka makusudi, kwa heshima ya samaki wako.

Jambo jingine, usivutwe sana na maneno "bila gluteni" kwenye menyu. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya vipimo zaidi ya 5,600 ambavyo watu wa kawaida wa Marekani walivifanya mezani kwa kifaa kidogo cha mkononi, wakipima vyakula vilivyouzwa migahawani kwa jina hilo. Asilimia 32 ya vipimo vilionyesha gluteni. Kwa piza na pasta ilikuwa zaidi ya nusu. Kifaa kile kinanusa hata kiasi kilicho chini ya ile miligramu 20, kwa hiyo si wote waliodhurika, lakini aliyewahi kukanda unga hashangai. Mahali wanaporusha unga tangu asubuhi unakuwa hewani, kwenye nguo, kwenye sakafu ya tanuri, na hiyo piza "bila gluteni" inateleza juu ya sakafu ileile. Mimi ningekula kiazi kilichookwa na ganda lake kwenye mgahawa usiojua hata neno gluteni kabla ya kugusa piza hiyo.

Vidonge ulivyoagiza, viache kwenye boksi. Vimeng'enya vya namna hiyo vinaweza kuvunjavunja gluteni kiasi, lakini hakuna ambacho kimethibitishwa kumkinga mwenye siliaki anapokula nje. Hofu yangu kubwa ni ule ujasiri vitakaokupa. Ukishameza kidonge utaacha kuuliza.

Kwa chakula cha kazini dawa ni nyepesi. Safari ijayo jitolee wewe kutafuta mahali na kuweka nafasi, mabosi wengi hufurahi kuondolewa kazi hiyo. Unachagua mgahawa ulioongea nao. Mteja akiuliza, mwambie, "Nina ugonjwa wa utumbo, nimeshaelewana na jikoni," kisha muulize habari za biashara yake. Glasi ya maji na "nimeshiba" ilikugharimu zaidi ya sentensi hiyo moja.

Sasa sherehe. Nenda. Ila chakula cha kujipakulia usikiguse, hata kile unachokiona kwa macho kwamba ni salama. Nimesimama nyuma ya meza hizo. Kijiko cha wali kinatumbukia kwenye tambi kabla ya mtu wa tano kupita, na mtoto anaweka mkate juu ya saladi aende kutafuta juisi. Sahani yako itoke jikoni, ipikwe kabla ya pilikapilika kuanza, ifunikwe, iandikwe jina lako, uletewe na mtu mmoja anayejua ni ya nani. Jikoni wakisita, omba ruhusa ya kuja na chakula chako kwenye chombo. Ukishataja ugonjwa, wengi watakuruhusu. Na kula kitu nyumbani kabla ya kutoka. Mtu mwenye njaa huanza kujishauri kwamba hiki pengine hakina.

Simu ya kwenda kwenye mgahawa huo usipige wewe. Apige mume wako. Ni sherehe ya baba yake, na wenyeji ni nyinyi wawili. Mpe karatasi yenye maswali yale ya juu, samaki amepakwa nini, mchuzi, mafuta, maji ya tambi, kisha wewe nenda chumba cha pili. Usimsaidie. Akisikia kwa masikio yake mpishi anasema "eh, kumbe hata huku tunaweka," utakuwa umepumzika kubishana naye. Mwaka mzima wa kumweleza haufiki hapo.

Baba mkwe mwambie wewe, kabla ya siku yenyewe, mkiwa wawili. Usianze na utumbo wako. Kwa mwalimu wa historia anza na vita. Mwambie kulikuwa na daktari wa watoto huko Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyekuwa na wagonjwa wenye siliaki enzi ambazo hakuna aliyejua chanzo chake. Marekani walikuwa wanawalisha watoto hao ndizi, wanaona wanapona, wanasema ndizi ni dawa. Dicke alikuwa ameshaanza kuutilia shaka mkate. Ikaja baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, Wajerumani wamezuia chakula, mkate umeadimika, watu wanakula mpaka vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wengine walikuwa wanadhoofika. Wale wenye siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 akayaandika yote kwenye tasnifu yake ya udaktari, na ngano ikajulikana.

Mzee akishaisikia hiyo hutakuwa na kazi ya kujieleza kwa mtu. Walimu wa historia hawawezi kukaa na habari kama hiyo kifuani. Ataisimulia meza nzima kabla ya keki, na wifi yako atakuwa amekaa palepale.

Pamoja na tahadhari zote, ipo siku utateleza. Hakuna dawa ya kuifuta gluteni iliyoshaingia. Ni kunywa maji, kupumzika na kusubiri, na ukiona hali si ya kawaida yako nenda kwa daktari. Kesho yake piga simu mgahawani, bila ukali, uwaambie kilichotokea. Mimi natamani mteja wa supu ya uyoga angenipigia. Kipimo chako cha damu cha kila mara usikikwepe, hicho ndicho kitakachokuambia ukweli kuhusu kula kwako nje kuliko tumbo lako.

Na watoto wako wapimwe, hata kama wana afya. Mtoto au ndugu wa damu wa mwenye siliaki ana takriban nafasi moja kati ya kumi ya kuwa nayo. Lakini wapimwe wakiwa bado wanakula ngano. Ukiwaachisha kwanza kwa mapenzi ya mama, kipimo kinaweza kusema hawana kumbe wanayo.

Siku ya sherehe wahi kufika, uchague kiti cha pembeni, mumeo akae upande wako wa pili. Kikapu cha mkate kikianza kuzunguka, akipokee yeye akivushe ng'ambo ya meza kabla hakijapita juu ya sahani yako.

Shangazi